Kingamwili, Sukari za Wanyama na Bitana ya Mishipa ya Damu



Jambo nililoitwa kulisemea jioni hii ni dogo kwa umbo hata halionekani kwa jicho, lakini kwa upana wake linamgusa kila mwanadamu aliyepata kula kipande cha nyama ya ng'ombe, au kudungwa seramu ya farasi baada ya kuumwa na nyoka, au kutiwa moyoni vali iliyotokana na mwili wa nguruwe. Nalo ni mgongano ulioko baina ya kingamwili zetu na sukari za wanyama, mgongano ambao huweza kutukia popote mwilini, lakini unapotukia katika bitana ya mishipa ya damu ndipo taathira yake huwa kubwa, maana bitana hiyo imeenea mwili mzima na hakuna kiungo kisichoitegemea. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kingamwili ina kazi moja tu, nayo ni kumdhuru adui na kumhifadhi mwenyeji. Nami nataraji kuwaonyesha kwamba kingamwili ya namna ile ile, ikikuta sukari ile ile, huweza kuua kiungo kizima kwa dakika chache, au kuuudhi mshipa kwa miaka mingi, au kupita pasi na dhara lolote, na kwamba yanayoamua baina ya hali hizo ni mambo matatu: mshipa ni wa nani, kingamwili ni nyingi kiasi gani, na zilizaliwa kwa sababu gani.

Natuanze na bitana yenyewe. Kila mshipa wa damu, uwe ateri nene itokayo moyoni au kijimshipa chembamba kuliko unywele, umefunikwa kwa ndani na tabaka moja tu la seli bapa zilizopangwa ubavu kwa ubavu, ambazo matabibu huziita endothelia. Kwa zama nyingi tabaka hili lilihesabiwa kuwa ngozi tu ya kuzuia damu isivuje, mpaka hadubini ya elektroni ilipofichua mengine; kwani mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade walieleza habari za vifuko virefu vilivyomo ndani ya seli hizo, ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ni ghala ya protini ya kunatisha chembe sahani mahali palipojeruhiwa. Hivi leo hapana shaka kwamba bitana ndiyo inayoamua damu iende majimaji au igande, mshipa ujikaze au ulegee, chembe nyeupe zipite au zizuiliwe. Na uso wake unaotazamana na damu umevikwa manyoya marefu ya sukari, ambayo katika ncha zake nyingi hukaa sukari ya jamaa ya asidi ya sialiki. Hivyo kingamwili yoyote ielekeayo sukari, ikiwa imo katika damu, haina safari ndefu ya kufika.

Sukari zenyewe tunazozizungumzia ni mbili, na tofauti yao yafaa ishikwe barabara tangu mwanzo. Ya kwanza huitwa alfa-gal, ambayo ni galaktosi mbili zilizofungamanishwa kwa namna maalumu. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, farasi na takriban wanyama wengine wote wanyonyeshao wanayo, hata kima wa Amerika ya Kusini. Lakini binadamu, sokwe na nyani wa Afrika na Asia hawana, kwa kuwa jeni ya kimeng'enya kinachoifunga iliharibika katika wahenga wetu wa pamoja miaka milioni 20 hadi 30 iliyopita. Mtaalamu Uri Galili na wenzake ndio waliodhihirisha, katika mwaka 1984, kwamba kila mtu mzima ana kingamwili nyingi dhidi ya sukari hii, nazo huamshwa na bakteria wa matumboni mwetu ambao nao huibeba.

Sukari ya pili ni asidi ya sialiki ya namna iitwayo Neu5Gc, ambayo hutofautiana na ndugu yake Neu5Ac kwa atomu moja tu ya oksijeni. Wanyama wengi wanyonyeshao huitengeneza kwa kimeng'enya kiitwacho CMAH, na sokwe mtu, aliye karibu nasi kuliko wote, anayo tele. Bali binadamu peke yake katika ukoo huo hana, kwa sababu jeni hiyo ilikatika katika nasaba yetu miaka milioni 2 hadi 3 hivi iliyopita, jambo lililothibitishwa mwaka 1998 na Ajit Varki na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Tukio hilo, kwa kadiri tunavyojua asili ya wanadamu, lilitukia katika bara hili letu, na ardhi yake ingali na athari za kutafutwa: katika mfupa wa mnyama wa jamii ya ng'ombe, wenye umri wa miaka milioni 4, uliotoka Allia Bay kando ya Ziwa Turkana, wataalamu wa San Diego walikuta mabaki ya kikemia yanayotokana na sukari hiyo, wakapata njia ya kuiulizia hata katika mifupa ya kale kabisa. Wako pia wanaoshikilia, kwa hoja zenye uzito, kwamba upotevu huo ulitukinga kwanza na malaria ya sokwe, kwa maana kijidudu cha malaria ya sokwe huipenda Neu5Gc, na kwamba baadaye Plasmodium falciparum alijizoeza na Neu5Ac tuliyobaki nayo, akawa msiba wetu mpaka leo.

Dunia ilionja matokeo ya hitilafu hii kabla haijaielewa. Baada ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato kuonyesha mwaka 1890 kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa yaweza kuzima sumu ya pepopunda na ya dondakoo, watoto wengi waliokolewa kwa seramu ya farasi. Lakini baadhi yao, siku saba au kumi na mbili baada ya sindano, walipatwa na homa, upele wenye kuwasha, maumivu ya viungo na kuvimba kwa tezi, hali wakiwa wamekwisha kupona ugonjwa uliowaleta. Clemens von Pirquet na Béla Schick waliuandikia kitabu ugonjwa huo wa seramu mwaka 1905, wakasema kwa busara iliyotangulia wakati wao kwamba si sumu iliyomo ndani ya seramu inayodhuru, bali ni mkutano wa seramu hiyo na kingamwili ambazo mgonjwa mwenyewe amezitengeneza. Kisha Hanganutziu mwaka 1924, na Deicher mwaka 1926, kila mmoja kwa kazi yake, waliona katika damu ya wagonjwa waliotiwa seramu kingamwili zenye kushika chembe za damu za wanyama. Na miongo kadhaa ikapita kabla haijatambulikana kwamba kilichoshikwa kilikuwa ni Neu5Gc. Wala jambo hili si la makumbusho, kwa kuwa dawa nyingi za sumu ya nyoka zinazotumika katika hospitali za Afrika Mashariki hata leo hutokana na damu ya farasi.

Sasa tuutazame mgongano pale unapokuwa wa haraka na usiofichika, yaani mshipa unapokuwa si wa kwetu. Figo ya nguruwe wa kawaida ikiunganishwa na damu ya binadamu, kingamwili dhidi ya alfa-gal, ambazo zimo tayari tena kwa wingi, huishika bitana yake mara moja. Hapo protini za damu ziitwazo komplementi huamshwa kwa mfuatano, moja ikiichochea nyingine, hata zikatoboa ngozi ya seli. Nazo seli, kabla hazijafa, hujikunja na kuachana, nafasi zikafunguka baina yao, maji na damu vikavuja. Vile vifuko vya Weibel na Palade humimina vilivyomo, chembe sahani zikanata, na yale manyoya ya sukari yaliyokuwa yakizuia damu isigande yakamwagika. Kiungo kilichokuwa chekundu na chenye uhai hugeuka rangi ya zambarau, kikavimba na kuwa kigumu mbele ya macho ya mpasuaji, pengine kwa dakika, pengine kwa saa chache. Na hata komplementi ikizuiwa kwa dawa, seli zilizoguswa na kingamwili hubadilisha mwenendo wao kwa saa na siku zinazofuata, zikawasha jeni zilizokuwa zimelala, zikachomoza juu ya uso wao protini za kunasa chembe nyeupe, na kuacha kutoa zile za kuzuia damu isigande. Basi kuna madhara mawili, moja la papo kwa papo na jingine la taratibu, na ni hili la pili litakalotuhusu zaidi tutakaporudi katika miili yetu wenyewe.

Ili kuondoa balaa la kwanza, katika miaka ya 2002 na 2003 walizaliwa nguruwe walioondolewa jeni ya alfa-gal, na viungo vyao vikadumu ndani ya nyani kwa muda mrefu zaidi ya vile vya kwanza. Lakini hapa pana mtego uliowachelewesha watafiti: nyani anayo Neu5Gc mwilini mwake kama nguruwe alivyo nayo, kwa hiyo haipingi, na jaribio lililofaulu kwa nyani halikuweza kueleza binadamu angeipokeaje sukari hiyo. Ndiyo sababu nguruwe aliyetoa moyo aliotiwa David Bennett katika Chuo Kikuu cha Maryland, tarehe 7 Januari 2022, alikuwa ameondolewa jeni za sukari tatu, ya CMAH ikiwa mojawapo, pamoja na mabadiliko mengine hata yakatimia 10. Mgonjwa aliishi miezi miwili. Na ijapokuwa hatima yake ilikuwa mauti, moyo ule haukufa juu ya meza ya upasuaji kama ambavyo moyo wa nguruwe wa kawaida ungekufa.

Mpaka hapa msikilizaji angeweza kusema kwamba hayo ni ya wenye kutiwa viungo vya nguruwe, nasi yatuhusu nini. Jawabu lake limo katika tofauti ya sukari mbili nilizozitaja. Alfa-gal tukiila haiwi sehemu ya seli zetu, maana hatuna tena kimeng'enya cha kuifunga. Bali Neu5Gc tukiila, kiasi chake kidogo huingia ndani ya seli pamoja na vitone vya majimaji, hufunguliwa kutoka katika protini iliyokuja nayo, na seli, isiyoweza kuitofautisha na Neu5Ac yake kwa sababu ya udogo wa tofauti yenyewe, huichukua na kuipachika katika ncha za manyoya yake kana kwamba imeitengeneza. Mwaka 2003 kundi la Varki lilitangaza kwamba watu waliojitolea kunywa sukari hii iliyosafishwa walionekana nayo miilini baadaye, na kwamba huonekana pia, kwa uchache, katika tishu za watu wazima wa kawaida, bitana ya mishipa ikiwa ni mojawapo. Ni mfano wa mgeni ambaye waashi wa nyumba wamempokea na kumjenga ukutani kwa nia njema, ilhali walinzi wa nyumba ile ile wana amri ya kumkamata popote aonekanapo.

Amri hiyo nayo hutolewa mapema. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kingamwili dhidi ya Neu5Gc huanza kuonekana kwa watoto wachanga katika mwaka wao wa kwanza, baada ya kuanzishiwa vyakula vyenye sukari hiyo, na kwamba bakteria wa pua na koo, wanaoiokota sukari ya chakula na kujivika, huenda ndio wanaoufundisha mwili kuipinga. Kwa hivyo mtu mzima, bila ya kuugua, hubeba vyote viwili, sukari katika bitana na kingamwili katika damu, kila mtu kwa kadiri yake.

Je, vikikutana hutokea nini? Seli za kuuliza swali hili hupatikana mahali pa heri, katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa salama: tangu Eric Jaffe na wenzake walipoeleza njia hiyo mwaka 1973, mshipa wa kitovu huoshwa, hujazwa kimeng'enya cha kulegeza, na seli za bitana zikabanduka na kukuzwa katika chombo. Lakini desturi ya maabara ni kuzilisha seli hizo kwa seramu ya ndama, ambayo ina Neu5Gc tele, hata seli ya binadamu ikala ya ng'ombe na kujivika ya ng'ombe. Na mtafiti asiyejihadhari na jambo hilo hajui kama anachunguza mshipa wa mtu au mshipa wa mtu uliotiwa rangi na ndama. Wale waliojihadhari, wakalisha baadhi ya seli Neu5Gc na nyingine Neu5Ac, walieleza mwaka 2009 kwamba seramu ya binadamu yenye kingamwili hizi iliziandama zile za kwanza, ikaweka komplementi juu yake, na kuzifanya zinase chembe nyeupe zaidi. Haikuwa mauti ya papo kwa papo kama ya figo ya nguruwe. Ilikuwa ni mwudhiko wa kudumu, wa namna ile ile inayojulikana kutangulia ugonjwa wa ateri kuziba kwa lehemu.

Ushahidi wa mnyama mzima ulikuja mwaka 2019, kwa panya walioondolewa CMAH ili wafanane nasi, na kuharibiwa pia njia ya kuondoa lehemu katika damu. Panya hao, hata bila kulishwa Neu5Gc, walipata ugonjwa wa ateri uliokaribia kuwa mara 2 ya wenzao wenye jeni kamili, maana yake upotevu wenyewe una gharama. Na walipotiwa kingamwili mwilini na kulishwa chakula chenye Neu5Gc nyingi, ugonjwa uliongezeka takriban mara 2.4 kuliko kwa panya wenzao waliokula chakula kisicho nayo. Insafu yatulazimu kukumbuka kwamba hao ni panya, waliokusudiwa kuugua. Hata hivyo, hakuna hoja iliyopata kuonyesha kwa uwazi zaidi kwamba sukari peke yake haitoshi wala kingamwili peke yake haitoshi, mpaka vikutane.

Nimesema kwamba jambo la tatu ni sababu iliyozizaa kingamwili, na hapo ndipo wataalamu wa Nantes, Ufaransa, wakiongozwa na Jean-Paul Soulillou, walipochangia kazi ya thamani. Wagonjwa wanaopandikizwa figo, hata iwe ya binadamu mwenzao, mara nyingi hupewa kingamwili za sungura ili kupunguza nguvu za kinga yao. Na kwa kuwa sungura aliyetumika hubeba alfa-gal na Neu5Gc, mgonjwa huweza kuamsha kingamwili mpya dhidi ya sukari hizo, kwa wingi unaopita ule wa chakula. Mwaka 2015 walieleza kwamba wagonjwa waliopata ugonjwa wa seramu kwa dawa hiyo walielekea kuzipoteza figo zao zaidi katika miaka iliyofuata. Na walipoziweka kingamwili za namna mbili, zile za kale na zile zilizoamshwa na tiba, juu ya seli za bitana za binadamu, waliona kwamba hazibadilishi mwenendo wa jeni kwa jinsi moja. Maana yake ni kwamba anayepima wingi tu wa kingamwili katika damu amepima nusu ya habari.

Wala nusu ya pili si ya shari siku zote. Katika upandikizaji wa figo baina ya watu wa makundi tofauti ya damu, hutokea kingamwili dhidi ya kundi la damu la mtoaji, zilizoondolewa kabla ya upasuaji, zikarudi na kuishika bitana ya figo mpya, nayo figo ikaendelea kufanya kazi miaka na miaka. Na wataalamu kama Fritz Bach na Jeffrey Platt walionyesha kwamba bitana iliyoguswa kidogo kidogo yaweza kuwasha jeni za kujihifadhi, ikawa imara kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa.

Kwetu hapa, suala hili lina mlango mwingine. Homa ya baridi yabisi ingali inaharibu vali za moyo za vijana wengi wa Afrika Mashariki, na katika vali zinazoweza kutiwa badala yake ziko zinazotengenezwa kwa tishu za ng'ombe na nguruwe, zilizokaushwa uhai kwa dawa aliyoianzisha Alain Carpentier katika miaka ya 1960. Dawa hiyo huua seli lakini haifuti sukari. Na vali hizo, kama kila mpasuaji ajuavyo, huchakaa upesi zaidi kwa kijana kuliko kwa mzee. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2022 uliyahusisha mambo hayo, ukionyesha kwamba kingamwili dhidi ya alfa-gal na Neu5Gc zina sehemu yake katika kuigandisha vali kwa chokaa, na kwamba tishu za wanyama waliofugwa bila sukari hizo zinaahidi vali zenye maisha marefu.

Najua swali lililomo vinywani mwenu: je, tuache nyama? Nyama ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo na ya nguruwe ina Neu5Gc. Kuku hana, na samaki wengi tunaowala hawana ila kidogo sana. Lakini kabla ya kutoa fatwa, na tuwakumbuke Wamasai, ambao George Mann aliwachunguza hapa Tanzania, akachapa mwaka 1972 habari za mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliofariki. Watu hao, walioishi kwa maziwa na nyama, walikuwa na ateri zilizonenepa kuta kwa kiasi cha kushangaza, lakini mishipa yao ilikuwa imepanuka kadiri walivyoendelea kwa umri, hata nafasi ya damu haikuzibwa. Mann alitafuta lehemu, hakutafuta sukari. Lakini alichokiona chatufundisha kwamba chakula kimoja hakiandiki hatima ya mshipa, maana mwendo wa miguu, umbo la mshipa na desturi nzima ya maisha huingia katika hesabu. Kula kwa kiasi ni shauri jema lililotangulia maabara zote; kumtisha mtu kwamba kila mnofu ni sumu ni kuivuka mipaka ya ithibati.

Ninalolitaka kwa yakini zaidi nalielekeza kwa matabibu na wanafunzi walio mbele yangu. Kila siku katika hospitali zetu watu hudungwa seramu za farasi kwa sumu ya nyoka, na wengine hutiwa vali za wanyama, kisha hurudi makwao bila mtu kuulizia habari za mishipa yao. Kuchukua damu kidogo kabla ya tiba na baada yake, kuihifadhi, na kuwafuata wenyewe kwa miaka kadhaa, si kazi inayohitaji nguruwe wa ajabu wala mali ya Maryland. Yahitaji daftari, barafu na subira. Wafugaji na wavuvi, walaji wa nyama na walaji wa samaki, wote wanaishi katika nchi hizi bega kwa bega, na hakuna mahali duniani panapofaa zaidi kuuliza kama kingamwili hizi hudhuru kwa kadiri ya sukari inayoliwa, au kwa kadiri ya namna zilivyozaliwa. Swali hilo limetoka katika ardhi yetu tangu zama za wahenga waliopoteza jeni hiyo, nasi tukikaa kusubiri wengine watujibie, tutapewa jibu la mishipa ya wengine.